Alikuwa Huru, Naye Hajui

Barua ninayotaka kuijibu wiki hii imeandikwa na mwanafunzi wa kidato cha tano. Amemaliza kusoma riwaya ya Kimarekani iitwayo Adventures of Huckleberry Finn, kazi ya Mark Twain, na riwaya hiyo imemkasirisha. Anasema aliazimwa kitabu hicho kwa maelezo kwamba ni hadithi ya safari na vituko vya mtoto mtundu, na kwamba atacheka. Alicheka kweli, mpaka alipozifikia sura kumi hivi za mwisho. Kuanzia hapo, anasema, kila alipofungua ukurasa alitamani kumzaba mtu kofi.

Anauliza mambo matatu. La kwanza: kama ng'ambo ya mto kulikuwa na jimbo lisilo na utumwa, kwa nini yule mtumwa Jim hakuvuka tu akawa huru, badala ya kusafiri maili mamia kuelekea kusini? La pili: kwa nini mwandishi, baada ya kutufanya tumheshimu Jim, anamgeuza mwishoni kuwa mwanasesere wa kuchezewa na watoto? La tatu: je, kitabu ambacho ndani yake tusi la kumdhalilisha mtu mweusi limeandikwa zaidi ya mara 200 ni kitabu cha kumpa mwanafunzi mweusi?

Ukiyasikia juu juu unaweza kudhani ni maswali ya somo la fasihi. Mimi naona kwamba yote matatu ni maswali ya historia, na kwamba hasira ya kijana huyu haikutokana na kutokielewa kitabu. Ametia kidole penyewe. Hebu tuyatazame moja moja.

Kwa wale ambao hawajakisoma, kisa chenyewe ni hiki. Huck Finn ni mtoto wa mlevi, anayelelewa na mama mmoja mjane katika mji mdogo kando ya mto Mississippi, jimbo la Missouri. Baba yake anamteka na kumfungia kibandani. Huck anatoroka na kufanya hila ili watu wadhani kwamba ameuawa. Kisiwani anakutana na Jim, mtumwa wa Miss Watson, dada wa yule mjane. Jim naye ametoroka, kwa kuwa amesikia kwamba bibi yake amefikiwa bei ya dola 800 na kwamba atauzwa New Orleans, kusini kabisa, mbali na mkewe na watoto wake. Lugha yetu ya Pwani ina neno kamili la mtu wa namna hiyo: mtoro. Basi watoro hawa wawili, mtoto mweupe na mtu mzima mweusi, wanapanda chelezo na kuteremka na maji usiku, mchana wanajificha.

Shabaha yao ni mji wa Cairo, mahali ambapo mto Ohio unaungana na Mississippi. Wakifika hapo watauza chelezo, wapande stima kwenda juu ya mto Ohio, waingie katika majimbo yasiyo na utumwa. Lakini usiku mmoja ukungu unashuka, wanapotezana, na kabla hawajatanabahi wameshaipita Cairo. Kuanzia hapo mto unawapeleka ndani zaidi ya nchi ya utumwa.

Mtunzi wa kisa hiki aliujua mto huo kama mvuvi anavyoijua bandari yake. Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa Missouri mwaka 1835, akakulia katika mji wa Hannibal ulio ukingoni mwa Mississippi, na mwaka 1859 akapata leseni ya urubani wa stima. Hata jina la Mark Twain lilitoka katika kazi hiyo: ni ukelele wa mpima maji, akimwarifu rubani kwamba kina ni pima mbili, chombo kinaweza kupita salama. Alianza kuandika riwaya hii mwaka 1876, akaiacha, akairudia, akaimaliza mwaka 1883. Ilitoka Uingereza mwezi Desemba 1884, na Marekani mwezi Februari 1885. Lakini kisa anachosimulia ni cha miaka arobaini au hamsini nyuma, yaani siku za utoto wake mwenyewe. Tafadhali iweke akilini miaka hiyo miwili, mwaka wa kisa na mwaka wa kuandikwa kwake, maana huko mbele tutaihitaji.

Sasa swali la kwanza. Kwa nini Jim asivuke?

Missouri iliingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1821 ikiwa jimbo la utumwa. Ng'ambo yake, mto ukiwa katikati, lilikuwapo jimbo la Illinois, lililohesabiwa kuwa jimbo huru. Ukitazama ramani unasema: piga makasia nusu saa, umeokoka. Lakini ramani haionyeshi sheria. Tangu mwaka 1793 Marekani ilikuwa na sheria ya nchi nzima iliyompa mwenye mtumwa haki ya kumfuata mtoro wake katika jimbo lolote, hata lile huru, akamkamata na kumrudisha. Mwaka 1850 sheria hiyo ilikazwa zaidi, raia wa kawaida wakalazimishwa kusaidia katika msako. Mtu mweusi aliyeonekana Illinois bila hati ya kuthibitisha uhuru wake angeweza kutiwa ndani kama mtoro. Na palipokuwa na zawadi, hapakukosekana wawindaji.

Jambo hili limo ndani ya riwaya yenyewe, ila linapita haraka. Huck anavuka kwenda mjini, upande wa Missouri, amevaa nguo za kike ili apeleleze habari. Mwanamke anayemkaribisha nyumbani kwake anamweleza kwamba zimetangazwa dola 300 kwa atakayemkamata Jim, na kwamba mumewe anajiandaa kwenda kumsaka kisiwani usiku ule ule. Jim hajamkosea lolote mtu huyo, lakini dola 300 hazimpi usingizi.

Wala mwandishi hakulitunga jambo hilo kichwani. Mwaka 1847, Samuel akiwa mtoto wa miaka 11, mtumwa mmoja mtoro alijificha kisiwani karibu na ukingo wa Illinois, mkabala na Hannibal. Kijana mmoja maskini wa pale mjini, kaka wa yule mtoto ambaye baadaye alikuwa kielelezo cha Huck, alimkuta. Zawadi ya kumtoa ilikuwa dola 50, nazo kwa kijana yule zilikuwa utajiri. Hakuzichukua. Alimpelekea chakula kwa siri, siku baada ya siku. Mwishowe wakata miti waligundua kwamba kuna mtu, wakamkimbiza, akatokomea majini. Siku chache baadaye Samuel na wenzake walikwenda kuvua samaki na kuokota matunda upande huo, na maiti ikaibuka mbele yao.

Nyumbani kwao mtoto huyo hakufundishwa kwamba haya ni maovu. Baba yake alikuwa na watumwa. Mwaka 1841 mzee huyo alikuwa mmoja wa wananchi walioketi katika baraza la mahakama iliyowatia hatiani watu watatu, wapinga utumwa, waliovuka kutoka Illinois ili kuwasaidia watumwa watoroke. Walihukumiwa kifungo cha miaka 12 kila mmoja.

Kwa anayetaka ushahidi wa mahakama, uko wa Dred Scott. Huyu alikuwa mtumwa wa Missouri aliyechukuliwa na bwana wake, daktari wa jeshi, akaishi naye miaka kadhaa Illinois na katika himaya nyingine isiyoruhusu utumwa, kisha akarudishwa Missouri. Mwaka 1846 alifungua kesi mjini St. Louis, akidai kwamba kwa kuishi katika ardhi huru alikwisha kuwa mtu huru. Kesi ilidumu miaka 11. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia, na ikaongeza kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, si raia wa Marekani na hana haki ya kushitaki katika mahakama zake. Basi jibu la swali la kwanza ni hilo. Jim havuki kwa sababu ng'ambo ya mto palikuwa na ardhi huru lakini hapakuwa na uhuru. Njia ya Ohio ilimweka mbali zaidi na wanaomjua na wanaomwinda, na hiyo ndiyo njia ambayo ukungu ulimnyima.

Ndugu msikilizaji, sasa tufike kwenye kile kilichomkera kijana wetu zaidi.

Safarini Huck anabadilika. Baada ya usiku ule wa ukungu anamfanyia Jim mzaha mbaya, anamwambia kwamba waliyoyapata yote ni ndoto. Jim anapogundua, anamwambia wazi kwamba anayemfanyia rafiki yake hivyo hana utu. Na Huck, mtoto mweupe wa Missouri, anakwenda kumwomba radhi mtumwa. Tunamsikia Jim akilia usiku kwa ajili ya watoto wake. Anakumbuka siku alipompiga binti yake mdogo kwa kutomtii, kumbe mtoto alikuwa amepata uziwi baada ya homa, wala hakusikia alichoamriwa. Baadaye matapeli wawili waliojipachika katika chelezo wanamuuza Jim kwa dola 40. Huck amefundishwa kanisani na mitaani kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na dhambi. Anaandika barua ya kumjulisha Miss Watson, kisha anaichana, akikubali kuingia motoni kuliko kumsaliti rafiki yake.

Msomaji akifika hapo moyo umemjaa. Ndipo anapotokea Tom Sawyer.

Jim amefungiwa kibandani, katika shamba la shangazi yake Tom. Huck anataka wamtoe usiku ule ule. Mlango wa kuvunja upo, chelezo kiko tayari. Tom anasema hapana, njia hiyo haina raha, vitabuni wafungwa hawatoroki hivyo. Lazima wachimbe shimo chini ya ukuta, na kwa visu vya mezani. Lazima Jim aletewe panya, nyoka na buibui, aandike shajara kwa damu yake. Mnyororo wake umetiwa tu katika mguu wa kitanda, ukikinyanyua kitanda unatoka, lakini Tom anataka kiti moto cha msumeno na ushujaa. Siku moja wanataka jiwe kubwa la kunolea liingizwe kibandani ili Jim achonge juu yake maneno ya huzuni. Linawashinda watoto. Basi wanakwenda kumwita Jim. Ananyanyua kitanda, anatoka nje na mnyororo wake, anasaidia kulisukuma jiwe mpaka ndani, kisha anarudi mahali pake kufungwa.

Mchezo huo unakwenda wiki tatu. Mwisho wake Tom anapigwa risasi mguuni, na Jim anautupa uhuru wake ili kumsaidia daktari amtibu. Anakamatwa tena, anapigwa, anafungwa minyororo. Hapo ndipo Tom anapotoa siri: Miss Watson alifariki miezi miwili iliyopita, na katika wasia wake alimwacha Jim huru. Tom alijua tangu siku ya kwanza. Kumlipa kwa subira yake anampa dola 40, na Jim anafurahi. Ndizo zile zile, ndugu msikilizaji. Dola 40 alizouzwa, na dola 40 alizolipwa kwa kuchezewa.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kijana wetu anauliza kwa nini mwandishi alifanya hivi. Wapo wataalamu wanaosema kwamba alichoka tu, akarudia vichekesho vilivyomletea umaarufu katika kitabu chake cha Tom Sawyer cha mwaka 1876. Wapo wanaosema kwamba alikusudia kejeli. Ubishi wao haujaisha. Mimi nawaachia ubishi huo, nakwenda kwenye ile miaka miwili niliyowaomba muiweke akilini.

Kitabu kinasimulia miaka ya 1830 na 1840, lakini kiliandikwa kati ya 1876 na 1883. Nini kilitokea Marekani katika miaka hiyo saba? Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa. Missouri yenyewe iliufuta mwezi Januari 1865, na Desemba mwaka huo Marekebisho ya 13 ya Katiba yakaufuta nchi nzima. Watumwa wa jana wakapata uraia, wanaume wakapata kura, baadhi wakaingia Bungeni. Kisha mwaka 1877, baada ya mapatano ya wanasiasa kuhusu uchaguzi wa Rais, majeshi ya serikali kuu yaliyokuwa yakiwalinda kusini yakaondolewa kazi hiyo. Polepole walionyang'anywa watumwa wakavirudisha kwa mlango wa nyuma vile walivyovipoteza kwa mlango wa mbele. Mtu mweusi asiye na kazi alikamatwa kwa kosa la uzururaji, akatiwa jela, kisha jela ikamkodisha kwa mwenye shamba, mgodi au reli. Mkulima alilima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi, na kila mwisho wa msimu hesabu ikaonyesha kwamba bado anadaiwa. Mwezi Oktoba 1883, mwaka ule ule Mark Twain alipomaliza mswada wake, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya 1875 iliyokataza watu weusi wabaguliwe katika mahoteli, treni na kumbi za maonyesho.

Kwa maneno mengine, mtu aliyekwisha kuwa huru kwa hati alikuwa anarudishwa kibandani. Alitolewa nje apate kusukuma jiwe, akarudishwa kufungwa. Na waliojua kwamba yuko huru walinyamaza, kwa sababu kunyamaza kwao kulikuwa na faida au raha.

Hata hilo la kunyamaza lina tarehe yake katika historia. Rais Abraham Lincoln alitangaza tarehe 1 Januari 1863 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Huko Texas, zaidi ya miaka miwili baadaye, watu wapatao 250,000 walikuwa bado wanatumikishwa mashambani. Ilikuwa tarehe 19 Juni 1865 ndipo Jenerali Gordon Granger alipofika na askari katika mji wa Galveston na kuwatangazia rasmi. Mabwana walikuwa na magazeti. Habari walikuwa nayo. Lakini pamba ilikuwa bado shambani. Siku hiyo ilifanywa sikukuu ya taifa la Marekani mwaka 2021. Mwanafunzi anayekasirika kwamba Tom Sawyer alikaa wiki tatu na habari ya uhuru mfukoni, ajue kwamba wako waliokaa nayo misimu miwili ya mavuno.

Kwa hiyo siungani na wale wanaosema sura za mwisho ziachwe. Msemaji wao mkubwa ni Ernest Hemingway, na inafaa tujue kwamba hukumu yake aliitoa katika kitabu kinachohusu ardhi yetu. Alikuja Tanganyika kuwinda mwaka 1933, na mwaka 1935 akachapisha Green Hills of Africa, kitabu cha safari hiyo. Humo, katika mazungumzo na Mzungu mmoja aliyeharibikiwa na lori porini, anasema kwamba fasihi yote ya kisasa ya Kimarekani imetokana na Huckleberry Finn, lakini msomaji aishie pale Jim anapoibwa. Yaliyobaki ni udanganyifu. Kama ni sanaa tu, huenda ana hoja. Lakini anayeishia pale Huck anapoichana barua anatoka na moyo mweupe, akidhani kwamba wema wa mtoto mmoja ulitosha kumkomboa Jim. Haukutosha. Huck alikuwa tayari kuingia motoni kwa ajili ya rafiki yake, na bado alipokuja Tom mwenye elimu na familia yenye jina, Huck alitii. Somo hilo limo katika sura zile ambazo Hemingway alitaka tuziruke.

Je, Mark Twain alikuwa adui wa mtu mweusi? Barua ya kijana haisemi hivyo moja kwa moja, lakini wasiwasi huo umo. Tumtazame kwa matendo yake. Mwezi Desemba 1885, mwaka ule kitabu kilipotoka Marekani, alimwandikia mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Yale akijitolea kumlipia gharama mwanafunzi mweusi aitwaye Warner McGuinn. Alieleza katika barua hiyo kwamba weupe ndio waliouponda utu wa watu weusi, kwa hiyo aibu ni ya weupe na deni wanapaswa kulilipa. McGuinn alihitimu mwaka 1887, akawa wakili mashuhuri mjini Baltimore. Mmoja wa mawakili vijana waliopata msaada wake huko ni Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1954 alishinda kesi iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za Marekani, na mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu.

Jirani zetu wa Kongo nao wana sababu ya kumkumbuka. Mwaka 1905 Mark Twain alichapisha kijitabu cha kejeli kiitwacho King Leopold's Soliloquy, akimfichua Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa mateso ya watu wa Kongo waliolazimishwa kuvuna mpira, waliouawa na kukatwa mikono. Mapato alikiachia chama kilichokuwa kikipigania mageuzi huko. Mwaka 1908 mfalme huyo alilazimika kuiachia Kongo kama mali yake binafsi.

Lakini matendo mema ya mwandishi hayafuti uchungu wa msomaji, na hapo tunaingia swali la tatu.

Kitabu hiki kimepigwa marufuku mara nyingi, na inafaa kutazama sababu zinavyobadilika. Mwaka 1885 maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, ilikiondoa kwa kuwa ni kitabu kisicho na adabu, cha mtoto mwongo na mchafu. Mwandishi alifurahi, akasema kwamba tangazo hilo litamuuzia nakala 25,000. Juu ya Jim, wazee wa maktaba hawakuwa na la kusema. Malalamiko juu ya lile tusi yalipata nguvu katika miaka ya 1950, watoto weusi walipoanza kukaa darasa moja na weupe. Ghafla kitabu kilikuwa na msomaji ambaye kila neno hilo liliposomwa kwa sauti, darasa zima liligeuka kumtazama yeye.

Toni Morrison, mwandishi mweusi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, ameeleza jambo hili katika utangulizi aliouandika mwaka 1996. Anasema alipokisoma mara ya kwanza alishikwa na woga. Alipokisoma tena shuleni chini ya mwalimu alipata hasira iliyofungiwa ndani, kwa sababu yale yaliyomsumbua hayakuwamo katika maswali ya mwalimu. Hata hivyo, juhudi za kukiondoa mashuleni zilipopamba moto, hakuziunga mkono. Aliona kwamba zinawaridhisha watu wazima bila kuwaelimisha watoto.

Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya serikali kuu huko Marekani iliamua kesi ya mzazi mmoja mweusi wa Tempe, Arizona, aliyelalamika kwamba binti yake alilazimishwa kusoma kitabu hiki. Mahakama ilikataa kukiondoa kitabu kwa amri. Lakini ilisema pia kwamba kama wanafunzi weusi wanatukanwa shuleni na wakuu wa shule wanajua nao wananyamaza, mzazi ana haki ya kushitaki. Mimi naiona hukumu hiyo ina busara. Ilitenganisha kitabu na darasa. Tusi lililo ukurasani ni ushahidi wa historia. Tusi lililo mdomoni mwa jirani yako wa dawati ni kosa la leo, na mwalimu akinyamaza basi amekuwa Tom Sawyer.

Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa toleo ambalo tusi hilo limebadilishwa kuwa "mtumwa". Nia yaweza kuwa njema, lakini maana imepotea. Katika kitabu hicho baba yake Huck, yule mlevi, anamlaani mtu mweusi wa Ohio, profesa huru anayejua lugha nyingi, na anamwita kwa neno lile lile. Profesa yule hakuwa mtumwa wa mtu. Tusi lilimfuata mpaka ndani ya uhuru wake. Ukilifuta, unamficha mwanafunzi jambo ambalo lilimtokea Jim baada ya wasia, na lililowatokea mamilioni baada ya 1865: utumwa uliwatoka, lakini lile jina likabaki mlangoni likiwasubiri.

Yupo aliyelijibu swali la mwanafunzi wetu kwa njia nyingine. Mwaka 2024 Percival Everett, mwandishi mweusi wa Marekani, alitoa riwaya iitwayo James, inayosimulia safari ile ile kwa mdomo wa Jim mwenyewe. Humo Jim anajua kusoma na kuandika, na anawafundisha watoto weusi kuzungumza ovyo mbele ya weupe ili wabaki salama. Riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 2024 na tuzo ya Pulitzer mwaka 2025. Everett hakuomba kitabu cha zamani kichomwe. Alikisoma mpaka mwisho, hakuridhika, akakaa akaandika.

Basi, kwa kijana aliyeniandikia, na kwa walimu wanaonisikiliza, nasema hivi. Kisomwe, na kisomwe chote, sura za mwisho zikiwamo. Lakini kisisomwe peke yake. Mwanafunzi apewe pamoja nacho maisha ya Frederick Douglass, aliyeyaandika mwenyewe mwaka 1845 baada ya kutoroka utumwani, ili amsikie mtoro akijisemea. Aelezwe sheria ya 1793, kesi ya Dred Scott, mwaka 1877 na siku ile ya Galveston. Kisha aulizwe maswali yale ambayo Toni Morrison hakuulizwa: nani alijua kwamba Jim yuko huru, alinyamaza siku ngapi, na kunyamaza huko kulimfaa nani? Mtoto akikasirika, mwalimu asimtulize upesi. Amwache aseme, na wenzake wamsikie.